Wavuvi wanainuka mkutanoni ukitaja samaki anayeisha mtoni, nianzie wapi?

MpendaMto:
Wakuu salama? Naombeni ushauri maana nimekwama. Najitolea kwenye kikundi kinachohangaika na samaki mmoja wa mtoni, wale wanaopandisha mto mvua zikianza wakazae huko juu, amepungua mpaka vijana wengine hawamjui hata kwa sura. Tukaitisha kikao na wavuvi, tukabandika mapicha ukutani, tukaanza kueleza yupo hatarini kutoweka, hatujafika hata nusu wazee wawili wakanyanyuka, mmoja akiwa mlangoni akasema "mmekuja kutufungia mto", wakaenda zao. Iliniuma kwa kweli, wale ndio wenye mto, bila wao sioni tunafanya nini. Kesho yake nikapita pale wanapopara samaki nikamkuta mama anapasua jike, mayai yamejaa tumbo zima yanamwagika kwenye ubao, akayakusanya kwa kiganja akatia kwenye bakuli, nami sikuwa na neno la kumwambia maana ndio mboga ya wanawe usiku ule. Sasa waliowahi kuifanya hii kazi, unaanzaje na wavuvi?

Mzee wa Migono:
Pole mwanangu. Nimevua mtoni zaidi ya miaka 20 ngoja nikwambie bila kukuficha, kosa lenu ni yale mapicha. Unamfundishaje mvuvi samaki wake? Huyo mzee aliyeondoka anajua samaki anapita usiku gani, maji yakiwa na rangi gani, anajua mpaka mwamba anaozalia karibu yake, mngemuuliza yeye mngekesha mnaongea. Mfuate nyumbani kwake, aende mmoja wenu tu, bila karatasi wala kamera, muulize enzi zao walikuwa wanavua vipi na nini kilibadilika. Atakwambia mwenyewe kwamba samaki ameisha na atakwambia kwa nini, sisi tunajua sana. Tunachoogopa ni sheria kuja kutukuta sie wenye mtumbwi mmoja na migono mitatu (mitego ya kusuka), halafu anayetega nyavu kuziba mto ng'ambo hii mpaka ile haguswi, anayemwaga uchafu huko juu haguswi. Anzeni na hao, muone kama hatutawasikiliza.

Bi Samaki:
Naunga mkono mzee hapo juu, na la nyavu za kuziba mto lina ushahidi kabisa. Angalia ningu wa ziwa Victoria, miaka ya mwanzo ya karne ya 20 alikuwa anavuliwa kwa wingi sana akipandisha mito wakati wa mvua, zikaja nyavu za makila, zile zinazosimamishwa majini samaki akanasa kwenye matundu, zikategwa kwenye midomo ya mito, majike yakanaswa na mayai tumboni kabla hayajafika yanakozalia, leo ningu yuko kwenye orodha ya walio hatarini zaidi. Kwa hiyo ukienda kwa wavuvi usiende na "acheni kuvua", ulizia zile wiki chache za kupandisha na ile sehemu moja ya mto. Hapo mtu anaweza kukubali, ila mwaka mzima hawezi, atakula nini?

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa Brazil huko Mamirauá kwenye bonde la Amazon. Kuna samaki anaitwa pirarucu, mkubwa kuliko mtu, yeye lazima apande juu kuvuta hewa. Wavuvi wenyewe ndio wanamhesabu, mvuvi anakaa kwenye mtumbwi dakika 20 anasikiliza na kuangalia kila anayeibuka, na wale wazoefu hesabu zao zilipopimwa zilikaribiana sana na za kitaalamu. Wakishahesabu ndio wanapewa kibali cha kuvua kiasi, kisichozidi asilimia 30 ya wakubwa, na asiyefika mita moja na nusu haguswi. Ndio maana wanalinda ziwa lao usiku dhidi ya wageni, kwa sababu samaki wanaowalinda watakuja kuwavua wenyewe.

Kijana wa Mtumbwi:
Mi nasema tafuteni hela. Kambodia 2022 jamaa alinasa samaki aina ya taa wa mto Mekong, kilo 300, akawapigia watafiti maana walikuwa wamepita vijijini wakijitambulisha, wakamlipa bei ya soko, yule taa akafungwa kifaa cha kumfuatilia akarudishwa majini mzima. Mvuvi hakupoteza kitu. Nyie mnataka mtu aachie samaki kwa mapenzi tu?

Bi Samaki:
@Kijana wa Mtumbwi kwa samaki mmoja mkubwa sawa, ila kwa hawa wadogo wanaopita kwa makundi sikubaliani na wewe, hela ya mradi ikiisha na makubaliano yanaisha siku hiyohiyo, na wapo watakaovua kusudi waje walipwe. Afadhali hiyo hela ilipie tochi na mafuta ya doria ya wavuvi wenyewe. Huko Thailand bonde la mto Salween vijiji vilifunga vipande vidogo tu vya mto kwa kukubaliana wao kwa wao, na utafiti uliotoka 2020 ukakuta uzito wa samaki ndani ya vile vipande ni zaidi ya mara 20 ya nje. Na wanaotoka nje ya kipande wanavuliwa kama kawaida.

MpendaMto:
Narudi na mrejesho. Nilienda kwa yule mzee peke yangu kama nilivyoambiwa hapa. Mwanzo alinijibu kwa mkato, nikamuuliza kuhusu migono ya zamani, akaingia ndani akatoka na mmoja aliousuka baba yake, mianya yake vidole viwili vinapita, akasema "wadogo walikuwa wanatoka hapa, sisi hatukuambiwa na mtu". Jioni akanipeleka mpaka kwenye kidimbwi kirefu chini ya mkuyu, anasema wakipandisha wanapumzika pale kwanza, na ndipo watu wanapotega usiku. Yeye na wenzake wako tayari kupafunga msimu wa mvua ila wanataka wapafunge wao na adhabu wapange wao. Kikao kijacho kinafanyika kwake na yeye ndio anaanza kuongea. Mimi nimeambiwa nilete kamba na maboya ya kuweka alama.