Akiba ya uzeeni kwa muuza dagaa: UTT au hatifungani?

Mama Dagaa, Kirumba
Wadau, habari za leo. Nauza dagaa soko la Mwaloni, Mwanza, nina miaka 41, sina mwajiri wa kunichangia NSSF. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa hiyo giza likiwa zuri naweka laki na nusu. Mbalamwezi ikitoka, hola. Nataka pa kuweka hela ya uzeeni isiyoliwa na makato.

Fundi wa Igoma
Mama, anza na Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS (kampuni ya serikali inayowekeza hela za watu wengi kwa pamoja), hukatwi ada ya kuingia wala kutoka. Mfuko wao mwingine, Umoja, ule wa 2005, hukata asilimia 1 ukiuza vipande, yaani sehemu zako za mfuko. Gharama za uendeshaji zipo kote, huzioni kwa sababu zinatolewa kabla bei ya kipande haijatangazwa.

Jirani wa Nyegezi
Kwa umri wako mimi ningelenga hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani unaikopesha serikali hela nayo inakulipa riba. Riba mara mbili kwa mwaka, ila kima cha chini milioni 1. Kusanyia Ukwasi, ikifika uhamishe. Riba usiile (najua ada za shule zitakusumbua), nunulia vipande.

Mama Dagaa, Kirumba
Mbalamwezi nisipoweka, kuna faini?

Fundi wa Igoma
Hakuna. Unaweka ukipata, hata kwa simu.