Monita ya studio au 1084S kwa kompyuta za zamani: nichukue ipi?

kisanduku
Wakuu, salaam. Nina kompyuta zangu za enzi zile na nimechoka kuzichomeka kwenye TV bapa, picha inatoka kama imepakwa mafuta. Nimepata watu wanaouza monita za kichogo. Mmoja ana Sony PVM, zile monita za kitaalamu, ya inchi 14, anasema ilikuwa studio. Mwingine ana Commodore 1084S. Bei haitofautiani sana na wote wanataka jibu kabla ya Jumamosi. Yupo na wa tatu mwenye PVM ya inchi 20, huyo hana haraka. Nichukue ipi?

MamaChip
Kompyuta zipi, mkuu? Hujasema. PVM namba gani? Hujasema. Mfumo wa TV ni PAL au NTSC? Pia hujasema. Tukikujibu hivihivi tutakuwa tunapiga ramli. Mwambie muuzaji apige picha mgongo wa hiyo PVM, soketi zote zionekane, uiweke hapa.

Jicho_la_tai
PVM, bila kufikiri mara mbili. Hizo zilitengenezwa kwa watu waliolipwa kutazama picha siku nzima. Tyubu ni Trinitron, rangi zimekaa mahali pake, na kuna vitufe ambavyo TV ya sebuleni haijawahi kuvisikia: underscan ya kuonyesha picha yote hadi pembeni, blue only ya kupima rangi. 1084S ni nzuri kwa anayetaka kumbukumbu. Mimi nataka picha.

sauti3
Jicho umeanza. Ukali wa picha siyo kila kitu. Wachoraji wa michezo ya C64 (Commodore 64) walifanya kazi wakitazama TV na monita za kawaida, na kwenye PAL rangi za mstari mmoja huchanganyika na za mstari wa jirani yake. Walilijua hilo wakalitumia kupata rangi ambazo chipu yenyewe haina, maana ina 16 tu. Ukianza kusaka ukali kupita kiasi unabaki na vinukta vilivyotawanyika.

Halafu sauti! 1084S ina spika mbili. PVM nyingi zina kispika kimoja tu cha kumwezesha fundi kusikia kwamba kuna sauti.

Jicho_la_tai
Mchanganyiko huo unafanywa na saketi ya PAL, siyo na ukungu wa tyubu. PVM ikipokea PAL kwa kompositi (picha yote kwenye waya mmoja) au S-Video (mwanga na rangi kwenye nyaya mbili) inachanganya vilevile. Tusibambikiane hadithi.

sauti3
Saketi inachanganya, sawa, lakini tyubu ndiyo inayolainisha kingo. Weka zote mbili mezani utazame kwa macho yako. Spika hujazijibu.

kisanduku
Nimekosea kutotaja, ni Amiga 500 na C64, zote PAL. Namba ya PVM bado sina. Nilipomuuliza soketi akajibu "ina kila kitu".

MamaChip
"Ina kila kitu" ni maneno ya mtu ambaye hajageuza monita akaitazama nyuma.

Sikiliza. Amiga 500 inatoa RGB ya analogi, yaani nyekundu, kijani na bluu kila moja kwenye waya wake, kwenye ile soketi ya pini 23, kwa takriban kHz 15.6, yaani mistari 15,600 hivi kwa sekunde. Hiyo ndiyo picha yake halisi. Lile tundu la kompositi kwenye A500 linatoa nyeusi na nyeupe tu, wengi hudhani mashine imeharibika. Kwa hiyo kama PVM haina RGB, kwa Amiga haikufai. Na siyo kila PVM inayo! Za daraja la chini zina kompositi na S-Video basi. Tafuta BNC, zile soketi za duara za kuzungusha na kufunga, zilizoandikwa R, G, B, na nyingine ya EXT SYNC, ile ishara inayoiambia monita mstari unaanzia wapi.

C64 haina RGB kabisa. Inachotoa ni kompositi, na mwanga na rangi kwenye pini tofauti, ambayo kimsingi ndiyo S-Video kabla ya S-Video kuwa na jina. 1084S inapokea hizo mbili kwa plagi mbili moja kwa moja. Kwenye PVM utatengeneza waya wa S-Video, na uweke rezista ya ohm 300 hivi kwenye pini ya rangi, maana C64 inasukuma rangi kwa nguvu kuliko S-Video inavyotarajia. Kama C64 yako ni ya mwanzo yenye soketi ya pini 5, pini ya rangi haipo, utabaki na kompositi. Zihesabu.

bado_naunga
Kabla hujatoa pesa nisikilize mimi. Hilo neno "ilikuwa studio" niliwahi kuuziwa na mimi.

Muuzaji alinitumia video ya monita ikicheza filamu, rangi safi, picha imetulia. Nikaenda, akaniwashia filamu ileile. Chumba kilikuwa na mwanga mkali wa dirishani, na kila nilipoomba aweke skrini ya rangi moja akasema mashine ya kuchezea filamu haina kitu hicho. Nikasema potelea mbali, monita inawaka. Nikabeba.

Usiku nikachomeka C64. Unaijua ile skrini ya bluu inayokupokea? Katikati ya bluu kulikuwa na msalaba wa kijivu, kutoka juu hadi chini na kushoto hadi kulia. Pembeni chini, tarakimu za saa. Haikuwa studio. Ilikaa miaka kwenye chumba cha walinzi ikionyesha kamera nne kwa pamoja, usiku na mchana, na mistari ya kugawa skrini ikajichoma kwenye fosfori, ule unga unaowaka nyuma ya kioo. Filamu inayotembea inauficha. Bluu iliyotulia haifichi kitu.

Nilipompigia akasema yeye anauza, hatengenezi. Hakuna kutengeneza hapo hata kama angetaka, fosfori ikishachoka imechoka. Monita bado ninayo. Kwenye michezo yenye kasi huoni, lakini ukiandika BASIC ule msalaba unakutazama.

Sasa wewe: nenda na kompyuta yako na waya wako. Andika programu ndogo ya kujaza skrini nyeupe, kisha nyekundu, kijani, bluu. Zima taa. Kisha izime monita, subiri ipoe kabisa, uiwashe tena uone nyeupe inachukua muda gani kutulia. Tyubu iliyochoka huanza na giza na rangi mbovu kabla ya kupata nguvu.

Jicho_la_tai
Pole sana. Ila hiyo siyo hoja dhidi ya PVM, ni hoja dhidi ya muuzaji.

bado_naunga
Ni hoja dhidi ya vitu vilivyofanya kazi saa 24. 1084S nyingi zilikaa chumbani kwa mtoto wa shule, zikawaka jioni tu.

KapasitaKavu
Na mtoto wa shule akabonyeza swichi mpaka ikafa. Swichi ya kuwashia ya 1084 inajulikana kwa kugoma kushika. Siyo ugonjwa mkubwa, lakini usishangae.

Mambo mawili ambayo hayajaguswa. Moja, ohm 75. PVM ina matundu ya kuingiza na ya kupitishia picha kwenda monita nyingine. Picha iking'aa kupita kiasi, mzunguko haujafungwa kwa ohm 75. Ikiwa na giza, umefungwa mara mbili. Watu wanatupa monita nzima kwa ajili ya kiswichi cha nyuma.

Pili, ishara ya kuoanisha mistari kutoka Amiga ni ya kiwango cha TTL, yaani hadi volti 5. Usiipeleke kavukavu kwenye BNC. Weka rezista ya ohm 470 kwenye waya, kwa mzigo wa ohm 75 itashuka hadi karibu volti 0.7.

Jicho_la_tai
Yangu inaenda moja kwa moja miaka yote, monita ipo na Amiga ipo.

KapasitaKavu
Na kuna wanaovuka barabara wamefumba macho wakafika. Rezista moja inakugharimu nini?

pikseli_bapa
Samahani, naomba kuuliza jambo ambalo nitapigwa mawe. Kwa nini msichukue OSSC, kile kisanduku cha kugeuza picha za zamani ziingie HDMI, na skrini bapa nzuri? Hakuna kilo za kubeba, hakuna fosfori kuchoka.

sauti3
Mawe hayo hapa. PAL ni Hz 50. Kuna skrini bapa zinazoikataa, au zinazoipokea kisha zinaionyesha kwa 60. Fungua mchezo wowote wa Amiga wenye mandhari inayoteleza uone inavyojikwaa. Na bunduki ya mwanga, ile ya kulengea skrini kwenye michezo, haifanyi kazi pale, inasubiri mwale wa elektroni unaopita.

pikseli_bapa
Zipo zinazopokea 50 sawasawa, ni kuchagua tu. Na ni nani kati yenu ana bunduki ya mwanga?

sauti3
Mimi.

kisanduku
Jamani asanteni. Nimesahau kitu, sijui kama kina maana: nina na Atari ST, natumia ile hali ya nyeusi na nyeupe kuandikia. Nilitaka monita moja imalize yote.

MamaChip
Kina maana kubwa! Hali hiyo ni pikseli 640 kwa 400 kwa takriban Hz 71, na masafa ya mistari ni kHz 35 na ushee. 1084S haiwezi, na PVM hizi za kHz 15 haziwezi. Unahitaji SM124 ya Atari yenyewe, au monita ya VGA ya kichogo inayokubali masafa hayo. Moja ya kumaliza yote haipo kati ya ulizotaja. Hali za rangi za ST zinaingia kote, ni kHz 15.

Jicho_la_tai
Kama ni kuandika, basi hata Amiga kwenye safu 80 utaifurahia zaidi kwenye PVM. Yenye TVL 600 (kipimo cha ukali wa picha) inatenganisha mistari 600 kwa upana unaolingana na kimo cha picha. Kwa upana wote wa 4:3 ni 800. Pikseli 640 zinakaa bila kubanana. Ukipata BVM, kaka mkubwa wa PVM kwa Sony, ndiyo usiseme kabisa.

KapasitaKavu
BVM mwache apumzike. Kuna zinazotaka paneli ya nje kama BKM-10R ndipo uweze kuzirekebisha, na watu wanaziuza bila paneli. Kuna zinazotaka kadi za kuingizia RGB, nazo zimeng'olewa. Unabeba jiwe.

bado_naunga
Kuhusu ile ya inchi 20: inakaribia kilo 30, na uzito wote uko mbele kwenye kioo. Pima kina cha meza kwanza.

kisanduku
Wa PVM ametuma picha. Imepigwa mbele. Monita imezimwa.

MamaChip
😂 Mwambie MGONGO.

redio_mbovu
Naingilia kidogo wakuu. Mimi nina BBC Micro, kompyuta nyingine ya enzi hizo, RGB yake ni ya dijitali, pini 6 za DIN. Itaingia kwenye PVM?

KapasitaKavu
Siyo kavukavu. Kila rangi ni TTL, ipo au haipo, na PVM inataka analogi ya volti 0.7. Utaweka rezista kwenye kila rangi, na kwenye ishara ya kuoanisha pia. Kuna baadhi ya PVM za zamani zenye soketi ya pini 25 zinazopokea RGB ya dijitali, soma mgongo wa yako.

pikseli_bapa
Au RGB2HDMI, kigeuzi cha kuingiza RGB kwenye skrini ya HDMI. Hiyo ilizaliwa kwa watu wa BBC Micro wenyewe, inakaa juu ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero.

sauti3
Huyu hakati tamaa.

redio_mbovu
Hiyo Pi Zero inapokea umeme wa BBC yenyewe au niitafutie chaja?