Wanyama wanaoongea kwenye maandishi ya kale, walianzia wapi?

msomaji_usiku: Wakuu habari, hivi hizi stori za wanyama kuongea ni za watoto tu au zamani watu wazima nao walikuwa wanazichukulia siriazi?

kobe_mzee: Siriazi kabisa ndugu. Kwenye Iliad, utenzi wa kale wa Wagiriki, farasi wa shujaa Akile anaitwa Xanthus, mungu Hera anampa sauti, anamwambia bosi wake kifo chako kiko karibu, halafu hapohapo anazibwa mdomo haongei tena. Yani mnyama anaongea mara moja tu na ni habari mbaya 😅

binti_wa_vitabu: Na punda wa Balaamu, Hesabu 22, anauliza mbona umenipiga mara tatu, na jamaa anamjibu kawaida tu wala hashangai, hapo ndo huwa nacheka. Kwenye Kurani kuna ndege hudihudi na mdudu chungu, sura ya 27.

kobe_mzee: Misri wanaenda mbali zaidi, miaka kama 3,200 iliyopita, hadithi ya ndugu wawili: ng'ombe wanamtonya mdogo mtu, jina lake Bata (siyo yule ndege), kwamba kaka yako kajificha nyuma ya mlango na mkuki, kimbia.

msomaji_usiku: Duh, kumbe wengi wanatoa onyo! Asanteni