Naomba ushauri: mke wangu anaelemewa na mateso ya anaowatetea

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima. Mke wangu anajitolea kuwasikiliza na kuwasindikiza mahakamani wanawake waliopigwa na waume zao, kazi ninayoiheshimu sana, lakini tangu aanze kupokea mashauri mazito hapati usingizi, hushtuka kwa kelele ndogo, na nikimgusa begani bila kumtahadharisha hujikunyata. Kinachoniumiza zaidi (na sijui kama nina haki ya kuumia) ni kwamba hasira wanayostahili wale watesaji sasa inanishukia mimi.

Nimejitwisha kazi za nyumbani, na nimempendekezea mshauri nasaha. Alijibu kwamba wanaoteseka ni wale, si yeye. Najua kwamba Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoidhinishwa mwaka 2019, linautaja uchovu uliokithiri wa kazini kuwa hali itokanayo na kazi, si ugonjwa, ila kwa maoni yangu dalili zake zimevuka uchovu.

Nitamwombaje apumzike kwa muda bila kuonekana napinga anachokipigania? Na je, ni busara nianze mimi kwenda kwa mshauri, peke yangu?