Nahama Cessna 172 kwenda Piper Arrow, naombeni ushauri

Kipungu_Mdogo
Wakuu habari za jioni. Nina leseni ya urubani binafsi, nimejifunzia Cessna 172, niko uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Wiki ijayo naanza Piper Arrow 200. Magurudumu ya kukunja hayanitishi, cheklisti ipo. Kinachonichanganya ni leva ya propela, ile ya kupanga kasi ya mizunguko yake, maana 172 yangu haina. Wamarekani mtandaoni wanasema ukishapaa rudisha "25 kwa 25", yaani inchi 25 za presha ya manifodi na mizunguko 2,500 kwa dakika. Nifanyeje?

Mzee_wa_Anga
Hiyo 25 kwa 25 waachie walioko pwani, mdogo wangu. Presha ya manifodi, yaani ya hewa inayoingia kwenye injini, hupungua kama inchi moja kila futi 1,000, na Wilson iko juu ya futi 5,500. Hata ukisukuma throto (leva ya nguvu) mpaka mwisho utaona 24 hivi. Ukiirudisha tena unajinyima nguvu ambayo tayari huna. Iache wazi, teremsha mizunguko kama kitabu cha ndege kinavyoelekeza, rekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Ukiongeza nguvu, propela kwanza. Ukipunguza, throto kwanza.

BintiRubani
Naongezea. Uliza kama hiyo ndege bado ina ule mfumo wa kujishushia magurudumu. Arrow za zamani zilitoka nao kiwandani, nyingi wameshauzima. Unafuata kasi ya hewa na upepo wa propela, sasa kwenye mwinuko wa Nairobi, ukipaa pua juu mno, magurudumu yanaweza kugoma kukunjika. Mwalimu akuonyeshe namna ya kuuzuia.

Kipungu_Mdogo
Asante dada. Na taa tatu za kijani, zile za kuonyesha magurudumu yameshuka na kujifunga, zisipowaka?

BintiRubani
Kabla hujahangaika, tazama swichi ya taa za mabawani. Ukiiwasha, zile za kijani hufifizwa kwa ajili ya usiku, na kwenye jua la mchana utaapa zimezima. Kama siyo hilo, chomoa balbu moja ubadilishane na jirani yake.

Mzee_wa_Anga
Mimi bado niko kwenye "hayanitishi". Magurudumu husahaulika siku mnara umekwambia uzunguke tena, umeyakunja, umepangwa nyuma ya ndege nyingine, Caravan, na cheklisti ulishaimaliza mzunguko uliopita. Yashushe kila mara mahali palepale, ukiwa sambamba na mwanzo wa njia ya kutulia, chini ya maili 150 kwa saa. Ukiwa fainali, umeshaielekea njia kutua, gusa kila taa kwa kidole, uitaje kwa sauti hata kama uko peke yako.

Na usikubali kuachiwa ndege kabla hamjafanya zoezi la kuyashusha kwa dharura. Chini ya maili 100 kwa saa, leva ya dharura chini, yanadondoka kwa uzito wake. Mkafanyie juu, mbali na uwanja.