Mchawi wa Salma na maji ya kisima

Kundi: UKOO WA BIBI MIZE 🌴

Salma: Shikamooni wakubwa wote. Nimemaliza hadithi yangu ya shindano la shule, ile ya mchawi wa kisiwani. Faili iko hapo juu, kurasa tatu tu. Naombeni mnisomee, Jumatatu naikabidhi 🙏🏾

Mama Salma: Msomeeni jamani, mtoto amekesha nayo.

Idi: Nimesoma ndani ya daladala, nikapitiliza kituo. Ile fimbo inayotoa mwanga nimeipenda mno!! Huyo mchawi wako Mzee Sandali ni mtu wa kazi.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Nimesoma hadi mwisho. Nina neno langu zito kidogo, ngoja kwanza niepue wali.

Mjomba Seif: Marahaba Salma. Nimesoma mara mbili. Pale wanawake wanaposhusha ndoo na kamba inarudi kavu, nimekuwa nao pale kisimani kabisa. Lakini mchawi wako ananipa tabu. Anashuka jahazini, anagonga fimbo chini, maji yanajaa, yule bibi mbaya anageuka jivu. Basi. Hakuna kilichomzuia hata dakika moja.

Salma: Lakini mjomba, si ni mchawi? Anaweza.

Mjomba Seif: Anaweza, sikatai. Swali langu ni moja tu: yale maji yametoka wapi?

Salma: Yametoka kwa uchawi

Mjomba Seif: Hapo ndipo ninapotaka ukae. Ngoja nikuandikie kwa kituo.

Mjomba Seif: Kuna mwandishi wa Marekani, Ursula Le Guin. Mwaka 1968 alitoa kitabu cha mchawi kijana anayeitwa Ged, mtoto wa mfua shaba, mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont. Nchi yao nzima ni visiwa, bahari na mashua, ndiyo maana nadhani wewe kitakuingia haraka. Ged anachukuliwa na mchawi mkubwa anayeitwa Ogion awe mwanafunzi wake. Wanatembea siku nyingi milimani. Mvua inakuja. Mchawi yeyote wa kawaida huko angeisukuma mvua pembeni kwa neno moja, na mwenzake wa bonde la pili akaisukuma tena, wingu linazungushwa huku na huku mpaka linatupwa baharini linyeshe kwa amani. Ogion hafanyi hivyo. Anatafuta mti mkubwa, anajilaza chini yake, anaiacha mvua inyeshe. Ged amejikunyata kichakani, maji yanamtiririka, ana hasira: uchawi wa nini basi kama tunalowa?

Mjomba Seif: Baadaye anakwenda shule ya wachawi kisiwa cha Roke, na huko walimu wanamweleza. Ulimwengu uko kwenye mizani. Mvua uliyoivuta hapa huenda ni ukame kwa wenzako wa kule. Kwa hiyo mchawi mkubwa hufanya lile tu ambalo hana budi kulifanya.

Idi: Duh.

Asha: Mjomba nimesoma huo ujumbe kwa sauti hapa saluni, watu wameuliza kitabu kinauzwa wapi.

Salma: Kwa hiyo maji ya Mzee Sandali yatakuwa yametoka kwenye kisima cha watu wengine?

Mjomba Seif: Mimi sijasema. Umesema wewe 😊

Idi: Ila mjomba kuna njia nyingine ya kumbana. Kwenye gemu mchawi ana ule mstari wa bluu, kila akirusha moto unapungua, ukiisha anapigwa kama mtu yeyote. Salma ampe Sandali mstari wa bluu.

Mjomba Seif: Idi, wazo hilo lina babu yake. Mwandishi Jack Vance, 1950, ana wachawi wa dunia ya mwisho ambapo jua linakaribia kuzimika. Maneno ya uchawi ni mazito hata kuyabeba kichwani. Mmoja wao, Mazirian, pamoja na ujuzi wake wote anaweza kushika manne tu ya yale makali, au sita madogo, kwa wakati mmoja. Akishalitamka moja linafutika akilini, hana budi kurudi kwenye kitabu alikariri upya. Waliobuni mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974 waliuchukua utaratibu huohuo, na kutoka hapo ukasambaa.

Idi: Kumbe! Yaani asubuhi unachagua leo nabeba moto au nabeba mlango wa kufungua, na ukikosea mchana unajuta.

Mjomba Seif: Na msomaji anajua amebakiza nini. Hiyo inasisimua. Lakini ni hesabu, Salma. Inakupa wasiwasi wa vita. Ya Le Guin inakupa wasiwasi wa moyo. Kwa hadithi ya kisima, mimi naelemea ya pili.

Asha: Na mimi niulize la kwangu. Kisiwa chako kina minazi na mashua, wanawake wana kanga, halafu Mzee Sandali ana kofia yenye ncha, ndevu nyeupe hadi tumboni na joho la zambarau. Huyo kashuka wapi?

Salma: Wachawi wote kwenye picha wako hivyo dada 😭

Asha: Si wote! Huyo Ged wa mjomba ana rangi ya udongo mwekundu, na rafiki yake kipenzi Vetch ni mweusi kabisa. Mwandishi alifanya makusudi. Mwaka 2004 televisheni ya Marekani ikatengeneza filamu yake ikamweka Ged mzungu, na mama yule aliandika hadharani kulalamika. Nililisoma andiko lake nikiwa chuo na sijalisahau. Mpe Sandali kikoi, mpe msuli, mpe kofia ya kufuma. Atatisha zaidi kwa sababu tutamfahamu.

Salma: Kofia ya kufuma nimeipenda. Na bakora ya mtobwe badala ya ile fimbo ya nyota.

Asha: Eeeh! Sasa namwona.

Idi: Lakini Gandalf, mchawi wa The Lord of the Rings, naye ana hiyo kofia na hakuna aliyelalamika. Na ana nguvu kuliko wote, mbona anaacha wale wadogo kina Frodo wabebe pete ya uovu kwa miguu mpaka mlima wa moto?

Mjomba Seif: Swali zuri sana hilo. Tolkien, mwandishi wake, ameeleza kwamba wachawi wale ni watano, walitumwa kutoka ng'ambo ya bahari wakavishwa miili ya wazee, wanasikia njaa, wanachoka, wanaumia. Na walikatazwa kumkabili Sauron, yule mwovu mwenye pete, nguvu kwa nguvu. Kazi yao ilikuwa kushauri na kuwatia watu moyo. Saruman, mmoja wao, akalivunja katazo, akajitengenezea jeshi, unajua alivyoishia. Gandalf, Frodo anapompa pete, "ichukue mzee", anaikataa kwa hofu ya kweli. Anaiogopa huruma yake mwenyewe: angeichukua ili atende mema, na pete ingempitia mlango huohuo.

Mjomba Seif: Kwangu mimi mchawi wa hadithi anaanza kuwa mtu siku anapokataa kufanya jambo analoliweza.

Shangazi Rehema: Nimerudi. Seif, maneno yako mazuri. Sasa Salma mwanangu nisikilize na mimi. Sina ugomvi na hadithi za kubuni, Shaaban Robert ana Adili na Nduguze, mle watu wamegeuzwa manyani na majini yamejaa tele, na tulikisoma shuleni tukakipenda. Kilichonichoma ni yule bibi wako mbaya. Umemwandika mzee, mjane, anaishi peke yake pembezoni mwa kijiji, ana macho mekundu. Na mwisho anaunguzwa watu wakishangilia.

Salma: Ndiyo shangazi. Nilitaka atishe.

Shangazi Rehema: Mimi nimefundisha Shinyanga kabla hujazaliwa. Kule bibi wenye macho mekundu waliuawa kwa mapanga usiku wakidaiwa wachawi, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi. Miaka yote mtu anapikia kuni na vinyesi vya ng'ombe ndani ya kijumba kisicho na dirisha, macho yatakuwaje? Wengine walijifungia ndani jua likizama. Nilikuwa na jirani wa hivyo, akiniletea maziwa mgando. Nikisoma ukurasa wako wa tatu namwona yeye.

Asha: 😔

Idi: Sikuliwaza hili kabisa.

Mama Salma: Wifi, ahsante kwa kulisema. Salma ananyamaza hapa lakini anakusikia.

Salma: Nakusikia shangazi. Sitaki awe yeye. Nimfute?

Shangazi Rehema: Usimfute hata kidogo! Mwache palepale, na macho yake mekundu, na nyumba yake pembezoni. Ila mpe sababu ya kuwepo. Mtu aliyekaa karibu na kisima miaka sabini anajua nini ambacho mgeni aliyeshuka jahazini hakijui?

Mjomba Seif: Dada Rehema hapo umemaliza kazi yote.

Salma: Subirini nafikiri

Mama Salma: Bibi alikuwa anasikiliza, nimemsomea zote kuanzia juu. Kasema andika haya, nanukuu anavyosema: "Mwambieni Salma amkumbuke Fumo Liyongo. Hakuna chuma kilichomwingia, wala mkuki wala mshale, ila sindano ya shaba ya kitovuni. Na siri hiyo aliitoa mwenyewe kwa mwanawe, hali anajua katumwa. Hata kufa akafa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, watu wa mji wasithubutu kwenda kuteka maji, wanadhani yu hai amekasirika. Mama yake ndiye aliyebembelezwa aende kumsihi."

Asha: Bibi jamaniii. Kisima tena!

Mjomba Seif: Shikamoo mama. Na ndivyo hasa. Liyongo anajua anasalitiwa na bado anampa mwanawe jibu. Merlin, mchawi wa hadithi za Waingereza, naye, kwa alivyoandikwa na mwandishi wao wa kale Malory, anamwambia Mfalme Arthur mapema kwamba yeye atazikwa ardhini akiwa hai, halafu anamfuata Nimue, mwanamke anayempenda, na kumfundisha uchawi ule ule utakaomfungia chini ya jiwe. Kuyajua yajayo hakukumsaidia kitu mbele ya mapenzi.

Idi: Kwa nini asikimbie tu?

Mjomba Seif: Angekimbia tusingekuwa tunamzungumza usiku huu.

Salma: Nimepata!!! Naandika hapa hapa msinicheke.

Salma: Mzee Sandali miaka mingi nyuma, akiwa kijana anayetaka sifa, alijaza kisima cha kijiji kimoja kwa siku moja, akabebwa juu juu na ngoma ikapigwa. Hakuuliza maji yametoka wapi. Yalitoka kisiwa hiki. Kidogo kidogo yakaanza kushuka. Yule bibi ndiye mtu pekee anayekumbuka siku yalipoanza, kwa sababu alikuwa msichana, ndoo yake iligonga mchanga asubuhi hiyo. Tangu hapo anawaambia watu na watu wanamwita mchawi.

Shangazi Rehema: Mwanangu.

Asha: Nimesisimka mwili mzima.

Idi: Subiri, kwa hiyo wanakijiji wanamwita Sandali aje kumwondoa bibi, na kumbe mwizi wa maji ni Sandali mwenyewe????

Salma: Eee. Na yeye hajui mpaka amkalishe bibi amhoji.

Mjomba Seif: Sasa ana kitu cha kukataa. Akigonga bakora maji yarudi, kile kijiji cha kwanza kinakauka, na huko sasa kuna watoto waliozaliwa na maji hayo. Afanyeje?

Salma: Hapo ndipo sijui mjomba.

Mjomba Seif: Vizuri. Usikimbilie. Nakupa kidokezo kimoja tu. Ged kwa kiburi cha ujana alifungua mlango wa wafu mbele ya wenzake, kikatoka kivuli kikamrarua uso, na mkuu wa shule akafa kwa kuufunga mlango ule. Ged akakikimbia kivuli baharini kote. Hakupona mpaka alipogeuka na kuanza kukifuata yeye. Mchawi wako naye itabidi aende kule maji yaliko.

Salma: Aende na bibi?

Shangazi Rehema: Aende na bibi! Na kwenye jahazi bibi akae mbele.

Mama Salma: Kurasa tatu hazitatosha hizi.

Salma: Mwalimu alisema mwisho ni kurasa tano. Nikitoa ile vita ya moto ya mwanzo napata nafasi.

Idi: Usitoe vita jamani 😩 acha hata mwali mmoja.

Salma: Naacha mmoja kaka, anawashia bibi jiko kwa mwali huo, bila moshi.

Shangazi Rehema: Hapo hapo usiguse tena. Kesho baada ya Adhuhuri njoo kwangu na daftari, nitakueleza nyumba ile ya Shinyanga ilivyokuwa ndani, mafiga yalikaa wapi na mlango ulielekea wapi.

Salma: Nakuja shangazi. Mama kasema nibebe na lile bakuli lako.