Mjadala: Ukiambiwa ufungue simu kwenye usaili, unafungua?

Mwana wa Chumbageni
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo, naomba tulijadili bila matusi. Mdogo wangu wa kike aliitwa usaili wa ukarani kwenye kampuni moja ya uwakala wa forodha hapa Tanga mjini. Maswali ya kazi yaliisha mapema. Kisha mmoja wao akamwambia, "Hebu tufungulie Instagram yako tuone." Akafungua, angefanyaje? Simu ikazunguka meza nzima. Wakashuka na picha mpaka za harusi yake, wakapanda tena wakatua kwenye arobaini ya mtoto. Mama mmoja akauliza, "Huyu bado ananyonya?" Hakungoja jibu, akaandika kitu kwenye karatasi.

Kazi hakupata. Sisemi alinyimwa kwa sababu ya mtoto, huenda kuna aliyemzidi. Ila ile karatasi imebaki kwao. Mwajiri ana haki ya kuingia mpaka huko?

Mzee wa Malori
Kijana, pole ya mdogo wako. Sasa nisikilize na mimi ninayelipa mishahara. Nina malori yanakwenda Horohoro na mengine yanashuka Segera. Nilikuwa na dereva mpole, leseni safi, barua za sifa mbili. Kumbe TikTok anajirekodi usiku, usukani mkono mmoja, simu mkono mwingine, anasalimia mashabiki kwa majina! Nilioneshwa na mwanangu. Tangu siku hiyo siajiri dereva bila kupita kwenye kurasa zake, na sitaomba radhi. Ukianika kanga barazani usimlaumu mpita njia kwa kuisoma.

Binti Pangani
Shikamoo mzee wangu. Mpita njia anasoma anapita. Hasimami barazani na daftari.

Kijana wa Barabara ya Ishirini
Mimi nimefuta kila kitu, nimebakiza stetasi za dua tu. Waje wakague.

Binti Pangani
Na dua nazo wanasoma, kaka. Wakishazisoma wameshajua dini yako.

Wakili wa Mtaani
Hapo kwenye dini ndipo penyewe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Imetenga taarifa zinazoitwa nyeti: imani ya dini, itikadi ya siasa, afya na nyinginezo. Kwa kawaida hizo zinataka ridhaa ya maandishi kabla hujazichakata, yaani kuzikusanya, kuzitunza au kuzitumia. Sasa fungua ukurasa wa mtu yeyote wa Tanga: Maulidi, kanisani, fulana ya chama, picha ya mgonjwa hospitali ya Bombo. Mwajiri alikwenda kutafuta nidhamu, karudi na vyote hivyo.

Mzee, tuseme umeona, na mwombaji hakuchukuliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa dini, kabila, maoni ya kisiasa, ujauzito, ndoa au majukumu ya familia. Na kifungu hicho kinamhesabu hata mwombaji kazi. Swali la "bado ananyonya" limeingia humo moja kwa moja.

Wengine mtasema binti alikubali mwenyewe. Mtu mwenye njaa ya kazi, mbele ya watu walioshika kalamu, kukubali kwake ni kukubali gani? Marekani, jimbo la Maryland lilipiga marufuku mwaka 2012 mwajiri kudai nywila za akaunti binafsi, na majimbo mengine yakafuata. Ulaya nako, mwaka 2017, jopo la mamlaka za ulinzi wa taarifa lilisema ukurasa kuwa wazi hakumpi mwajiri ruhusa ya kukusanya vilivyomo. Lazima viihusu kazi yenyewe, na vifutwe mwombaji asipochukuliwa.

Mzee wa Malori
Sawa wakili, Ulaya nimeisikia. Lori likipinduka Hale, Ulaya watakuja kuliinua? Niambie nifanyeje na dereva.

Wakili wa Mtaani
Mtazame, mzee wangu, hujakatazwa. Ila andika kwenye tangazo la kazi kwamba utatazama kurasa zilizo wazi, na kwamba unatafuta mambo ya udereva tu. Simu yake usiishike. Subiri wabaki wale wawili watatu wa mwisho, usifukunyue watu hamsini. Na atazame mtu mwingine, si wewe unayeamua, akuletee yale ya usukani peke yake. Ya ndoa na ya msikitini ayaache huko huko.

Binti Pangani
Na mwombaji mwenyewe aitwe aulizwe! Akina Juma Hamisi Tanga hii wangapi? Kuna mtu anabebeshwa posti za mwenye jina kama lake na hajui. Picha ya wasifu nayo inaibwa, akaunti inafunguliwa, wewe umelala.

Mzee wa Malori
Hilo la majina nimelikubali. Nina madereva wawili wote Juma Hamisi, hata mshahara uliwahi kwenda kwa asiyehusika.

Mwana wa Chumbageni
Wakili, na ile karatasi?

Wakili wa Mtaani
Dada aandike barua kwa kampuni, aipeleke kwa mkono, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Sheria inampa haki ya kuuliza kama wanachakata taarifa zake, ni zipi, kwa madhumuni gani na nani amepewa. Kama kuna makosa, adai yarekebishwe. Wakinyamaza, malalamiko yanakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. La ubaguzi ni jingine, lina mlango wake, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi, na huko muda unahesabiwa. Asikae nalo.

Mwana wa Chumbageni
Ahsante. Barua tunaandika leo leo.

Mzee wa Malori
Na mimi tangazo langu lijalo nitaliandika hivyo, kurasa za wazi tu, kwa ajili ya udereva. Lakini nisieleweke vibaya: dereva akirudi safari, simu naikagua. Hilo siachi.

Binti Pangani
Simu ya nani mzee, yako au yake?

Mzee wa Malori
Yake. Vocha naweka mimi.